Fungu la Bundi

Bi Mgeni aliwasili Nairobi mwezi wa Julai, baridi imekolea, na neno la kwanza alilomwambia mkwewe Safa aliposhuka garini ni kwamba watu wa mji huu wana subira, maana wanaishi ndani ya friji na hawalalamiki. Kwao ni Faza, kisiwani Pate, ambako mtu hulala na shuka moja na madirisha wazi. Hapa alilala na soksi, sweta ya mwanawe na blanketi mbili, na bado alfajiri magoti yalimgomea.

Aliyemleta ni Mujahid, mwanawe wa pekee. Presha ilikuwa imemsumbua mama yake mwaka mzima, naye hakuwa na raha kumwacha peke yake kule mbali na madaktari. Mujahid alikuwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo katikati ya mji. Safa aliuza vitambaa na nguo za maharusi katika duka moja la barabara ya Biashara. Wote wawili walitoka asubuhi na kurudi jioni, kwa hiyo kutwa nzima Bi Mgeni aliachiwa nyumba yao ya kupanga kule Muthangari, ghorofa ya kwanza, pamoja na roshani ndogo iliyotazama miti mikubwa ya ua.

Roshani hiyo ndiyo iliyompatanisha na mji. Alipenda kuwatazama nyuni, kama ndege wanavyoitwa kwao. Walikuwako chozi wa rangi ya kijani waliochokoa maua, na kwarara walioamka wakipiga kelele kama watu waliodhulumiwa urithi. Aliwawekea makombo ya mkate, akawasemesha, na Safa akirudi kazini alipewa habari zao zote kabla hata hajavua viatu.

Bundi tu ndiye hakumtaka. Jioni moja alisikia mlio mkali kutoka kwenye mti wa karibu na ukuta, akatazama, akaona uso mweupe umemwelekea. Alifunga madirisha, akasoma Ayatul Kursiy, na Safa alipoingia alimwambia nyumba imetembelewa. Safa alicheka kidogo, kisha akaona mama mkwe hachezi, akaacha.

Wiki hiyohiyo, asubuhi baada ya sala ya alfajiri, Bi Mgeni alisikia kishindo nje. Juu ya ukuta wa ua kulikuwa na waya wa wembe, ule unaowekwa kuzuia wezi, na bundi yule alikuwa amenasa hapo. Bawa moja lilikuwa limepenya kati ya wembe, na kila alipojitikisa lilizidi kuchanika. Chini yake alisimama Kaindi, askari wa geti, Mkamba wa makamo, mtu mpole ambaye kila asubuhi alimuuliza Bi Mgeni magoti yameamkaje. Safari hii Kaindi alikuwa ameshika rungu.

Bi Mgeni alipoliona lile rungu moyo wake ulitulia. Ndivyo alivyosimulia baadaye, bila kujificha: alifurahi kwamba yupo mtu wa kuimaliza balaa ile. Kisha Kaindi akageuka, akamwona pale roshani, akasema kwa sauti ya kumtoa hofu, "Usijali, Mama Mujahid. Hii kitu iko na nuksi. Wacha nimalize."

Neno lile lilimpiga Bi Mgeni mahali ambapo Kaindi hakuweza kupajua. Alishuka ngazi bila viatu, baridi ile yote, kanga yake ya kichwani mkononi. Alimkuta Kaindi ameshapanda juu ya pipa, akamshika suruali kwa nyuma.

"Mwache," alisema.

Kaindi alimweleza kwamba bundi akilia kwenye nyumba, mtu hufa. Bi Mgeni alimjibu kwamba huyu halilii nyumba ya mtu, analia kwa sababu anakatwa. Walibishana hivyo kwa sauti za chini, kama watu wanaoogopa kuamsha majirani, mpaka Kaindi akashuka. Akaenda kuleta koleo la kukatia waya, na alipoukata waya aligeuza uso upande. Bi Mgeni ndiye aliyempokea ndege ndani ya kanga. Alishangaa kumwona mwepesi vile. Macho yote yale, uso wote ule, na uzito wake haukuzidi wa mkate. Bundi aligonganisha mdomo, ta ta ta, akimtisha, na mwili mzima ukitetemeka.

"Unaniogopa mimi?" Bi Mgeni alimwambia. "Haya. Na mimi nakuogopa. Tulia."

Safa aliamka akamkuta mama mkwe ameketi sakafuni jikoni, bundi mapajani. Alipiga simu kwa Cate, jirani wa ghorofa ya juu na mwenyekiti wa wapangaji, mwanamke anayejua namba ya kila fundi. Cate alikuwa na namba ya watu wa Waithaka wanaotibu bundi na ndege wengine wa kuwinda. Kabla chai haijapoa pikipiki ilikuwa getini.

Aliyekuja anaitwa Ndegwa, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Zamani alikuwa fundi wa magari pale Dagoretti Corner, siku hizi yeye na mkewe wanalea ndege waliojeruhiwa katika shamba alilorithi kwa baba yake. Alimshika bundi kwa namna ya mtu anayemshika mtoto mchanga, akamtazama bawa. Kisha akamwambia Bi Mgeni kwamba atafanya kadiri awezavyo.

"Shosho, umemfunika vizuri," alisema, akimwita bibi kama watu wa Nairobi. "Wengi huniita kuokota maiti."

Bi Mgeni aliingia chumbani, akatoka na pesa alizokuwa amefunga kwenye pindo la leso, akamkabidhi kwa petroli na dawa. Ndegwa alikataa kwa adabu. Alisema safari ile imeshalipwa. Bi Mgeni akauliza imelipwa na nani, na lini, wakati bundi amenasa asubuhi hii? Ndegwa akamweleza kwamba wako watu wanaotuma mchango kila mwezi, wengine kidogo sana: msusi mmoja wa Dagoretti Corner, mwalimu mstaafu, watoto wa shule moja wanaochangisha darasani, na wengine hajawahi hata kuwaona. Pesa zao ndizo zinazonunua chakula cha ndege, dawa na mafuta ya pikipiki. Mwezi wakisahau, pikipiki hubaki nyumbani.

Bundi akapelekwa Waithaka ndani ya sanduku lenye matundu, na kanga ya Bi Mgeni ikaenda naye.

Jioni, Mujahid akiwa bado msikitini, Bi Mgeni alimwita Safa wakae pamoja, akamsimulia jambo ambalo Safa hakuwahi kulisikia katika miaka yote ya ndoa yake.

Katika ujana wake Bi Mgeni alikuwa mpaka hina. Hakukuwa na arusi Faza ambayo yeye hakuketi mbele ya bibi arusi, mguu wake juu ya mto, akimchora maua tangu kidoleni mpaka juu ya kifundo. Mumewe wa kwanza, Hemed, babake Mujahid, alikufa kwa homa mtoto akiwa hajaanza kutembea. Akaolewa tena, na mume wa pili naye hakumaliza mwaka. Baada ya hapo wanawake walianza kunong'ona. Arusi iliyofuata alifika na bakuli lake la hina, na shangazi wa bibi arusi akampokea mlangoni kwa maneno matamu, akamketisha ukumbini, akampa haluwa na kahawa, na mtu mwingine akaingia ndani kumpaka binti.

"Hawakunifukuza," Bi Mgeni alisema. "Lau wangenifukuza ningegombana nao. Walinikirimu, Safa. Walinikirimu ili nisimguse mtoto wao. Niliporudi nyumbani nilimwaga ile hina, sikupondaponda nyingine tena. Walisema nina nuksi. Na mimi, mwanangu, nikaja nikaamini."

Safa alimshika mkono. Bi Mgeni akaendelea kwamba asubuhi ile alikuwa tayari kumwacha bundi auawe kwa neno lilelile. Na lililomshangaza kuliko yote ni wale watu wa kila mwezi. Walitoa kabla waya haujamnasa ndege. Hawakumjua bundi, hawakumjua yeye, hawakungoja wahurumishwe. Alitaka kuwa mmoja wao.

Mujahid hakulipenda jambo hilo. Si kwamba ni mchoyo. Alikuwa mtu wa kutoa, na yatima wa marehemu shangazi yake huko Faza aliwalipia karo bila kusema. Lakini kutoa sadaka kwa ajili ya bundi, alisema, ni kuwapa watu cha kuchekea. Pale msikitini wangemuuliza kama amemaliza kuwasaidia maskini wote. Bi Mgeni hakubishana. Alisema tu kwamba fungu la yatima halitapungua, na kwamba angependa kuuliza kwa anayejua.

Aliyemwendea ni Maalim Abdulfatah, mtu wa Siyu, aliyefundisha watoto Kurani na kuuza vitabu katika kiduka chembamba katikati ya mji, si mbali na kazini kwa Safa. Ijumaa ile Safa alimpeleka. Maalim alikuwa mdogo kwa umri kuliko Bi Mgeni, akamwamkia, akamtolea kiti pekee cha duka na yeye akabaki amesimama. Alisikiliza kisa chote. Akasema kwamba kuamini mkosi wa ndege Mtume alikwisha kukataza, na bundi mwenyewe alitajwa katika hadithi hiyo. Akasema kila kiumbe chenye ini bichi, yaani chenye uhai, kukihudumia kuna ujira. Na amali anayoipenda Mungu zaidi ni ile idumuyo, hata ikiwa ndogo.

Bi Mgeni akamuuliza kama yeye mwenyewe angetoa.

Maalim alijikuna ndevu. "Bi Mgeni, nisikudanganye. Elimu yangu inasema nitoe. Lakini nikimsikia usiku, mimi pia hufunga dirisha." Walicheka wote watatu. Kisha Maalim akasema angetoa, ili moyo wake uifuate elimu yake polepole.

Mujahid alipoelezwa hakupinga tena, ila hakuahidi chochote. Ikabaki swali la pesa zenyewe. Bi Mgeni hakutaka kutoa kutoka kwa alichopewa na mwanawe. Alitaka kitoke mikononi mwake. Safa ndiye aliyepata wazo, akalishika moyoni siku kadhaa akiogopa kulisema. Mwanamke mwenye duka alilofanyia kazi alikuwa akimwoza binti yake, Abeer, na mpaka hina waliyemkodi kutoka Mombasa alikuwa ameugua. Safa alipolisema hatimaye, Bi Mgeni aliinuka akaenda kusimama roshanini kwa muda mrefu. Aliporudi aliuliza kama hina ya huku ni nzuri au imechanganywa.

Hakukubali kuingia kwa bibi arusi kabla ya kuzungumza na mamake. Walipofika katika nyumba ya watu wale, alimwita mwanamke yule pembeni akamwambia waziwazi kwamba yeye amezika waume wawili, na kwamba kwao kuna wanaosema mkono wake si wa heri. Kama anaona uzito, ataondoka na hatamlaumu. Mama yake Abeer alimtazama, akamwambia yeye mwenyewe ni mjane, na mamake alikuwa mjane, na kama wajane wana nuksi basi ukoo mzima hauna mtu wa kupika pilau ya leo. Akamvuta ndani.

Safa alikaa karibu akimshikia bakuli. Mwanzo mkono wa Bi Mgeni ulisitasita, mstari wa kwanza ukapinda, akaufuta. Kisha akainama karibu zaidi, akaanza tena, na kutoka hapo hakusimama. Abeer alikuwa na simu mkono mmoja, lakini kadiri maua yalivyopanda aliiweka chini, akawa anayatazama tu. Wanawake walisogea. Mmoja akauliza kama anaweza kuchora mkononi mwake pia, kidogo tu, na mwingine nyuma yake akauliza hivyohivyo. Waliporudi nyumbani vidole vya Bi Mgeni vilikuwa vyekundu mpaka kwenye kucha, na usiku ule hakulalamikia baridi.

Mwezi ulipoandama alimwomba Safa amtumie Ndegwa fungu la bundi kwa simu. Aliliita hivyo tangu siku ya kwanza, na jina likabaki. Kila mwezi, akipata arusi nyingi au mkono mmoja tu wa Idi, alitenga la yatima kwanza, kisha la bundi, kisha lake.

Mwezi wa Septemba walikwenda Waithaka kumtazama mgonjwa. Ndegwa alikuwa amewapangia Jumamosi. Mujahid alisema ana shughuli, kisha dakika ya mwisho akaamua kuwaendesha, akasema atangoja garini. Shamba lilikuwa na nyumba ya mabati, ng'ombe mmoja, na nyuma yake vizimba vya mbao na wavu. Ndegwa aliwapitisha polepole, akiwaomba wasiseme kwa sauti. Mbele ya kizimba cha mwisho alisimama, akamwambia Bi Mgeni kwamba bawa lilipona lakini mfupa uliunga vibaya. Bundi yule hataruka tena.

Bi Mgeni alimtazama ndege wake, ametulia kwenye kijiti chini, bawa moja likining'inia kidogo. Machozi yalimtoka. Safa aliona na akadhani mambo yameishia hapo, kwamba mama mkwe atasema pesa zake zimekwenda bure.

"Ngoja, shosho," Ndegwa alisema. "Tazama nyuma yake."

Nyuma ya bundi, katika kona yenye giza, kulikuwa na vitu viwili vilivyofanana na pamba iliyochafuka. Kimoja kikafungua mdomo kikafoka. Vilikuwa vifaranga. Watu walikuwa wakibomoa paa kuukuu, wakawakuta, na mama yao hakuonekana tena. Ndegwa alipowaweka na yule bundi jike hakuwa na hakika kitakachotokea. Siku ya kwanza aliwapa mgongo. Siku ya pili Ndegwa alimkuta anawararulia nyama.

Bi Mgeni alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatazama mpaka jua likahama. Safa alipogeuka alimwona Mujahid. Hakuwa amebaki garini. Alikuwa amesimama mlangoni pa ua, mikono mfukoni, akimtazama mama yake kuliko alivyowatazama ndege.

Vifaranga wakakua, na Ndegwa akapata shida nyingine. Walihitaji mahali pa kuachiliwa, penye miti mikubwa na panya wa kutosha, na zaidi ya yote penye watu ambao hawatawapiga mawe. Sanduku la kulala lingetundikwa mtini, wangelishwa humo mpaka wajue kuwinda, kisha mlango ufunguliwe. Miti kule Muthangari ilifaa. Watu ndio hakuwa na hakika nao, na alimpigia Bi Mgeni kumuuliza.

Cate aliitisha mkutano wa wapangaji uani, Jumapili mchana, kila mtu na kiti chake cha plastiki. Ndegwa alieleza shughuli yote, na akasema bundi wawili hula panya wengi kuliko paka yeyote. Hapo wengi walitikisa vichwa kwa kukubali, maana panya wa pale pa takataka walikuwa wamefikia kuingia ndani ya magari. Lakini alipoongeza kwamba itabidi dawa ya panya iachwe kabisa, kwa kuwa bundi akila panya mwenye sumu naye hufa, minong'ono ilianza. Mzee mmoja wa ghorofa ya chini, Kinyanjui, mwenye nyumba kadhaa za kupangisha huko Waithaka, aliinuka akasema yeye hana ugomvi na mtu, ila ana mgonjwa nyumbani, na hawezi kukubali bundi aletwe makusudi amlilie mgonjwa wake. Hakuna aliyecheka. Hata waliokuwa wamekubali walitazama chini.

Bi Mgeni aliomba kusema. Hakusimama, magoti hayakumruhusu.

"Mzee Kinyanjui, Mungu amponye mgonjwa wako," alianza. "Hofu yako naijua, nilikuwa nayo. Nitakwambia tu kilichonitoa. Mimi nilizika waume wawili, na watu wa kwetu wakasema nina nuksi. Nilikuwa nikipaka hina maharusi, wakanikataza mabinti zao. Sikuwaua waume zangu, mzee. Niliwauguza. Niliwaosha miguu. Lakini kwa vile nilikuwapo walipokufa, ikawa ni mimi. Na huyu nyuni ni vivyo hivyo. Yuko macho usiku, na wagonjwa pia wako macho usiku. Basi humsikia yeye, na akifa mtu, huambiwa ni yeye."

Mujahid alikuwa ameketi kando ya mama yake. Alijua baba yake alikufa, alijua baba wa kambo alikufa, lakini habari ya hina hakuijua. Aliijua tu kama jambo ambalo mama yake aliwahi kulifanya zamani akaliacha, kama watu wanavyoacha mambo. Alimwinamia akamuuliza kwa sauti ya chini kwa nini hakumwambia. Mama yake akamjibu kwamba mtoto hapewi mzigo wa namna hiyo. Mujahid akauchukua mkono wake, ule wenye wekundu wa hina kwenye kucha, akaushika mbele ya watu wote mpaka mkutano ukaisha.

Mwishowe Mzee Kinyanjui alisema kwamba mgonjwa wake ni mkewe, na kwamba ni kweli halali usiku. Aliomba sanduku litundikwe upande wa mbali, karibu na geti, na kama ni hivyo hatapinga. Cate akauliza nani atalilinda. Kaindi, aliyekuwa amesikiliza yote akiwa getini, akainua mkono.

"Mimi siwezi sema nawapenda," alisema. "Lakini kazi yangu ni kulinda, si kupenda. Nitawalinda."

Wale bundi wawili waliletwa mwezi wa Novemba, baada ya mvua za kwanza. Jioni mlango wa sanduku ulipofunguliwa, nusu ya wapangaji walikuwa uani, wengine wakijidai wametoka kuanua nguo. Mmoja aliruka mara moja hadi paa la jirani. Mwingine alikaa mlangoni akitikisa kichwa huku na huku, akachelewa mpaka watu wakachoka wakaenda kula. Bi Mgeni alimngoja roshanini, amejifunika blanketi, Safa pembeni yake na chai ya tangawizi. Alipoondoka hawakusikia chochote. Waliona tu tawi limebaki likiyumba.

Mke wa Mzee Kinyanjui hakufa. Alipona kiasi cha kutoka nje, na mwezi wa Januari alimwomba Bi Mgeni amchore ua moja kiganjani, akisema Mkikuyu pia ana mikono. Panya walipungua. Kaindi alianza kumweleza kila mgeni habari za bundi wake, na ukimsikiliza ungedhani ni yeye aliyewaangua. Wapangaji kadhaa walijiunga na watu wa kila mwezi. Wengine walitoa mara moja wakasahau, kama ilivyo kawaida ya watu, na Cate hakuacha kuwakumbusha.

Bi Mgeni hakukaa Nairobi moja kwa moja. Presha ilipotulia alitamani nyumba yake, na mwezi wa Machi Mujahid alimrudisha Faza. Alipoagana na Safa walilia wote wawili, ingawa mwaka mmoja nyuma hawakuwa na mengi ya kuambiana. Lile bakuli la hina aliondoka nalo.

Mwezi wa kwanza baada ya yeye kuondoka, Safa alikaa na simu jioni ili amtumie Ndegwa fungu la mama mkwe, akakuta ujumbe wa Ndegwa wa shukrani kwamba limeshatumwa. Lilikuwa limetumwa kwa jina la Bi Mgeni, na chini yake lingine, kwa jina la Mujahid. Alimtazama mumewe, aliyekuwa akisoma gazeti kwa bidii isiyo ya kawaida. Alimwongezea chai.

Tangu hapo Bi Mgeni hupiga simu kila mwezi ukiandama. Huuliza habari za Safa, za baridi, za Kaindi, kisha huuliza kama fungu limetoka. Mujahid humwambia limetoka, naye humwombea dua ndefu. Mwezi uliopita Mujahid alimwambia kwamba Waithaka wameletewa tai aliyekula nyama yenye sumu, na kwamba Ndegwa anasema hali yake si mbaya sana.

"Anakula?" Bi Mgeni aliuliza.

Mujahid alisema hajui, lakini Jumamosi yeye na Safa watakwenda kumtazama, na atampigia wakiwa hukohuko ili mama amsikie tai mwenyewe.